Machicha ya Dunia: Mawe ya Sekerr Yalizaliwa Wapi?

Ukishajulikana hapa Ruring'u, Nyeri, kwamba kazi yako ni mawe, utaletewa mawe. Kijana wa bodaboda ataleta moja aliloliokota njia ya Kamakwa, mama mboga ataleta lililokuwa likizuia mlango wa kibanda chake, na hoja yao ni ile ile: Mlima Kenya ulilipuka, kwa hiyo jiwe hili zito jeusi limetoka katikati ya dunia. Hawa si wajinga. Wamefikiri vizuri, ila wamefikiria mlima usiohusika. Mwamba wa ndani zaidi ambao Mkenya anaweza kupanda juu yake kwa miguu hauko kwenye mlima wetu hata kidogo. Uko Pokot Magharibi katika safu ya Sekerr, uko Samburu upande wa Baragoi, uko Moyale mpakani, na vipande vyake vinavyobishaniwa viko Taita. Wanajiolojia huita mafungu ya mawe ya aina hiyo ofioliti.

Msimamo wangu, ambao nitautetea hapa chini, ni huu: mawe hayo ya koti la dunia, tabaka lililo chini ya ganda, hayakuzaliwa katikati ya bahari kuu kama vitabu vingi vya jiografia vinavyofundisha. Mengi yao yalizaliwa ukingoni, juu ya bamba la sakafu ya bahari lililokuwa limeanza kuzama. Tofauti hiyo si ya kubishania kwenye semina tu. Humwambia mchimbaji atafute kromiti, madini ya kromu, ya umbo gani, na humwambia mwanafunzi bahari iliyokuwa Kenya ilifungwa vipi.

Tuanze chini ya viatu vyetu. Nyeri imekaa juu ya mawe ya volkano yaliyomwagwa na Nyandarua upande mmoja na Mlima Kenya upande mwingine, huu wa pili ukiwa ulichemka kati ya miaka milioni 3.1 na milioni 2.6 iliyopita. Chini ya volkano hizo kuna mawe ya kale yaliyopikwa na kukunjwa, ambayo hujitokeza ukishuka Mbeere au ukienda Mukogodo kule Laikipia. Yote hayo ni ganda la dunia. Watafiti wa mradi wa mitetemo wa KRISP, uliofanyika miaka ya 1985 na 1990, walipima unene wa ganda hilo wakapata takriban kilomita 35 chini ya eneo la Naivasha na kama kilomita 20 tu chini ya Ziwa Turkana. Koti la dunia huanzia hapo na kwenda chini hadi karibu kilomita 2,900, ndipo kiini kianze. Hakuna volkano duniani inayomwaga kiini.

Wala koti si uji wa moto. Hilo ndilo kosa ninalolisikia mara nyingi kuliko yote, hata kwa watu waliosoma. Koti ni mwamba mgumu. Hutiririka, ndiyo, lakini kwa sentimita chache kwa mwaka na likiwa gumu vile vile. Magma hupatikana pale tu sehemu ndogo ya mwamba huo inapoyeyuka, ama kwa sababu umepanda juu na shinikizo likapungua, ama kwa sababu kitu fulani kimeshusha kiwango chake cha kuyeyuka. Kitu hicho mara nyingi ni maji. Jambo hili la maji litakuwa shahidi mkubwa katika kesi yetu.

Mfano wa jikoni unafaa hapa. Anayekuna nazi na kuikamua hupata tui zito la kwanza. Akitaka zaidi hutia maji, akakamua tena, na machicha hubaki makavu kuliko mwanzo. Koti la dunia hukamuliwa vivyo hivyo. Tui lake ni basalti, lava ambayo hupanda na kuwa sakafu ya bahari. Machicha yake ni peridotiti, mwamba mzito uliojaa madini ya olivini ya kijani. Peridotiti iliyokamuliwa kidogo bado ina madini ya piroksini yenye kalsiamu, nasi huiita lezoliti. Ikikamuliwa sana piroksini hiyo huisha na kubaki hazibagiti. Kwa hiyo anayeshika peridotiti hashiki lava iliyoganda. Anashika mabaki, na mabaki hayo hutunza kumbukumbu ya mara ngapi yalikamuliwa, na kama maji yalitiwa.

Jiwe la kijana wa bodaboda ni tofauti kabisa. Kwa kawaida ni fonoliti. Ligonge kwa nyundo, litalia kama kengele iliyopasuka. Livunje, utaona uso wa kijivu wenye punje nyeupe za feldispa. Sasa chukua kipande cha sapentiniti, ambayo ni peridotiti iliyonyweshwa maji baada ya kuzaliwa. Nje kina ganda la kahawia ya kutu, ndani ni kijani cheusi chenye mishipa myepesi inayong'aa kama hariri. Ukikipitishia kidole ni laini kama sabuni. Ukikisogezea sumaku ndogo hunasa, kwa maana olivini inapobadilika kwa maji hutoa chembe za magnetiti. Fundi wa Ruring'u akikiona hatakitaka kwa ukuta, na hatakosea.

Ofioliti kamili ina mpangilio. Chini kabisa kuna peridotiti, juu yake gabro, kisha kuta za mawe zilizosimama bega kwa bega ambako magma ilipita kupanda, kisha lava iliyoganda majini kwa umbo la mito ya kulalia, na juu kabisa matope ya kilindi cha bahari. Mfaransa Alexandre Brongniart alilitumia jina la ofioliti mwaka 1813 kwa mawe ya kijani yenye mabaka kama ngozi ya nyoka, na baadaye Mjerumani Gustav Steinmann akasisitiza kwamba mawe haya hukutwa pamoja. Mwaka 1972 mkutano wa wanajiolojia uitwao Penrose uliweka maana rasmi. Wakati huo nadharia ya mabamba ilikuwa changa na tamu, na kila mtu alitaka kuona katika ofioliti sakafu ya kawaida ya bahari, iliyozaliwa kwenye mgongo wa katikati ambako mabamba mawili huachana, kisha ikasukumwa nchi kavu. Ni picha nzuri na rahisi kuchora ubaoni, ndiyo maana imekataa kufa.

Mwaka uliofuata tu, 1973, Mjapani Akiho Miyashiro alichapisha makala kuhusu Troodos ya Saiprasi, ofioliti iliyokuwa kipenzi cha wote, akasema kemia ya lava zake inafanana na ya visiwa vya volkano vilivyo juu ya bamba linalozama. Alishambuliwa vikali. Kadiri vipimo vilivyozidi kuwa vizuri ndivyo alivyozidi kuonekana kuwa na haki, na kufikia mwaka 1984 Julian Pearce na wenzake walikuwa wamelipa kundi hilo jina lake: ofioliti za juu ya ukanda wa kuzama.

Utaratibu wenyewe ni huu. Bamba la sakafu ya bahari linapozama hubeba maji ndani ya madini yake. Likifika kilindini hupashwa moto, maji hutoka na kupanda kwenye koti lililo juu. Koti hilo, ambalo huenda lilishakamuliwa kwenye mgongo wa bahari na kuachwa, huyeyuka tena, kwani maji hushusha kiwango chake cha kuyeyuka kwa mamia ya nyuzi. Tui la pili hilo lina alama zake: thoriamu imezidi kwa sababu imeletwa kutoka kwenye bamba linalozama, na niobiamu imepungua kwa sababu haikusafiri pamoja nayo. Machicha nayo yana alama. Ndani ya peridotiti kuna punje ndogo za spineli, na kadiri mwamba unavyokamuliwa ndivyo spineli inavyopoteza alumini na kubaki na kromu. Henry Dick na Thomas Bullen walionyesha mwaka 1984 kwamba katika peridotiti za migongo ya bahari sehemu ya kromu, ikilinganishwa na jumla ya kromu na alumini, haivuki asilimia 60. Peridotiti za ukingo ulio mbele ya visiwa vya volkano, kama Mariana kwenye Pasifiki, huvuka kiwango hicho. Ofioliti nyingi kubwa huvuka pia.

Wapinzani wana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Eldridge Moores na wenzake walisema mwaka 2000 kwamba koti la dunia lina historia ndefu: linaweza kuwa lilipita juu ya bamba linalozama zamani, likabeba alama hizo, kisha likaja kuyeyuka kwenye mgongo wa kawaida mbali na kuzama kokote. Kwa maneno mengine, kemia hurithiwa. Kwa kemia peke yake ningesitasita. Kinachonishawishi ni namna mawe haya yanavyofika nchi kavu.

Sakafu ya bahari iliyozeeka ni baridi na nzito. Ikifika ukingoni huzama, haipandi juu ya bara. Ndiyo maana baharini leo ni vigumu kupata sakafu yenye umri unaozidi miaka milioni 200. Ili kipande cha koti chenye unene wa kilomita kadhaa kikae juu ya bara, lazima kiwe upande wa juu wa mpasuko tangu mwanzo, na kiwe bado kichanga na chenye moto. Bamba linalozama linavuta bara nyuma yake. Bara linafika mpasukoni, linaburutwa chini kiasi, kisha linakataa kwa kuwa ni jepesi. Kuzama kunakwama, na lile bamba la juu linajikuta limelalia bara. Mgongo wa katikati ya Atlantiki hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu hakuna kinachouvuta.

Mahali pa kuliona jambo hili kwa macho ni Omani, na wasomaji wenye jamaa Maskati wanaweza kuwaagiza wakatazame. Anayesafiri kutoka Maskati kwenda Nizwa kwa kupitia bonde la Samail huendesha gari katikati ya koti la dunia: vilima vya kahawia, vikavu, visivyo na mti, vya ofioliti yenye urefu wa karibu kilomita 500. Jabal Akhdar iliyo karibu si sehemu yake. Hiyo ni chokaa ya ukingo wa bara la Uarabuni iliyokuwa chini na ikainuka. Ganda la bahari la Samail lina umri wa takriban miaka milioni 96 hadi 95. Chini ya peridotiti kuna utando mwembamba wa mawe yaliyopikwa kwa joto la karibu nyuzi 800, mabaki ya bamba lililokuwa likizama, nao una umri ambao ni karibu ule ule. Yaani wakati sakafu hii ilipokuwa ikizaliwa, kuzama kulikuwa kumeshaanza chini yake au kulikuwa mlangoni. Na kule As Sifah, pwani ya kusini mashariki ya Maskati, kuna mawe ya ukingo wa bara yaliyoburutwa hadi kilindi cha makumi ya kilomita yakarudi juu. Adolphe Nicolas na Françoise Boudier wa Montpellier, waliotembea milima hiyo kuliko karibu mtu yeyote, waliendelea kutetea mgongo wa bahari. Nawaheshimu kwa ramani zao. Kwa hitimisho lao, tunaachana hapo.

Sasa turudi nyumbani, ambako kuna jina moja linaloiunganisha Nyeri na Pokot. Robert Shackleton alikuja Kenya wakati wa vita kuu ya pili kufanya kazi katika idara ya madini na jiolojia, na mwaka 1945 ripoti yake kuhusu jiolojia ya eneo la Nyeri ikachapishwa. Ni ripoti ya volkano, ya mabonde na miteremko tunayoishi juu yake. Miaka karibu 50 baadaye, mwaka 1992, jina lake liko pamoja na la Alison Ries, Julian Vearncombe na Price kwenye makala kuhusu umri na kemia ya mawe ya ofioliti ya Pokot Magharibi. Vearncombe alikuwa ameshaieleza mwaka 1983 kama ofioliti iliyokatika vipande. Mwaka 1990 Seife Berhe akachora mistari ya kuunganisha ofioliti za Sudani na Ethiopia na zile za Sekerr, Baragoi na Moyale, akisema ni makovu ya bahari zilizofungwa.

Bahari hiyo huitwa Bahari ya Msumbiji, kwa kufuata ule ukanda wa mawe ambao Arthur Holmes aliuita Ukanda wa Msumbiji mwaka 1951. Ilifungwa hatua kwa hatua zaidi ya miaka milioni 550 iliyopita, vipande vya bara kuu la kale la Gondwana vilipogongana. Upande wa kaskazini, kuanzia Misri hadi Uarabuni, mgongano ulikuwa mpole na ofioliti zimebaki zikisomeka. Umri wake ni kati ya miaka milioni 890 na milioni 690. Hazibagiti zake zina spineli yenye kromu nyingi, na watafiti kama Robert Stern wamezitambua kuwa koti la ukingo wa mbele wa visiwa vya volkano. Kwetu mgongano ulikuwa mkali. Mawe yalishindiliwa, yakapikwa, yakakatwa. Ndiyo maana Sekerr, mlima wenye zaidi ya mita 3,300 unaotazama chini kwenye kipenyo cha Marich, hauna ule mpangilio mzuri wa Omani. Lakini ni ndugu wa ukoo ule ule, kwenye mshono ule ule, na sioni sababu ya kumpa mzazi mwingine.

Hapo ndipo kosa la upande wa pili linapoingia. Wapo wanaoona kila jiwe jeusi zito na kutangaza ofioliti. Marsabit, kwa mfano, kuna vipande vya peridotiti vya kijani kibichi kabisa ndani ya basalti, vizuri kuliko chochote cha Pokot. Hivyo ni koti la kweli, lakini si ofioliti. Vilikwanguliwa chini ya bara hili hili na kupandishwa haraka na lava juzi tu, kwa saa ya kijiolojia. Chyulu vipo vile vile. Na Taita, Wolfgang Frisch na Walter Pohl walipendekeza mwaka 1986 kwamba baadhi ya mawe ya kusini mashariki ni mabaki ya ofioliti. Inawezekana. Lakini kule mawe yamepikwa mno, na magma iliyopenya ndani ya ganda na kutupa olivini chini yake inaweza kutoa mwamba unaofanana kabisa. Rubi za Mangare, zinazotokea pale mawe haya yanapokutana na mawe yenye alumini nyingi, zinapata kromu yake kutoka humo kwa vyovyote vile. Rubi haiulizi kama mwamba ni ofioliti.

Ndege za serikali zilizopima nchi kwa sumaku kuanzia 2021 hazitamaliza ubishi huu. Sapentiniti hutoa ishara kali ya sumaku, ndiyo, ila hata mwamba mwingine wenye magnetiti hufanya hivyo. Ishara hukuambia utembee wapi. Haikuambii umepata nini. Nimesikia pia matumaini kwamba peridotiti yetu itameza hewa ya kaboni kama ile ya Omani, ambako kampuni ya 44.01 ilishinda tuzo ya Earthshot mwaka 2022 kwa kuigeuza hewa hiyo kuwa jiwe. Omani ina koti la kilomita kwa kilomita lenye olivini nyingi isiyochoka. Sisi tuna vipande, na vingi vimeshageuka kuwa ulanga na magnesiti, yaani vimeshameza kaboni yao zamani. Kwa kazi hiyo basalti za Bonde la Ufa zina nafasi kubwa zaidi.

Nini kifanyike? Mitaala iache kuchora ofioliti chini ya mgongo wa bahari pekee. Mchoro wa bamba linalozama tayari umo vitabuni, kinachohitajika ni kuongeza mshale mmoja na aya mbili. Vyuo vyetu, pamoja na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi hapa jirani ambacho kimejikita kwenye jotoardhi, vipeleke wanafunzi wa shahada ya pili Sekerr na Baragoi kuchukua spineli. Ipimwe punje kwa punje, tena kiini cha punje, kwa sababu ukingo wake huharibiwa na kupikwa kwa mwamba na hutoa jibu la uongo lenye kromu na chuma kupita kiasi. Pasipo spineli nzima, mtafiti aandike kwamba ni mwamba wa magnesiamu nyingi, na aishie hapo.

Na Pokot Magharibi ifikiwe na habari hii kabla ya wanunuzi. Kromiti ya Zimbabwe kwenye Great Dyke, au ya Bushveld kule Afrika Kusini, hulala kwa matabaka yanayofuatika kwa kilomita nyingi. Ukiiona hapa una haki ya kuitarajia kule mbele. Kromiti ya koti lililokamuliwa kwa maji haiko hivyo. Hujikusanya kwa mafungu yenye umbo la dengu au kidole, yaliyofunikwa na duniti, mwamba wa olivini tupu, pale magma ilipopita na kula piroksini yote njiani. Fungu linaweza kuwa na utajiri mkubwa kisha likakatika ghafla, na lingine likawa mita mia moja pembeni bila dalili juu ya ardhi. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa jamii ya eneo asilimia 10 ya mrabaha na kaunti asilimia 20. Asilimia 10 ya nini, hilo ndilo swali. Mnunuzi anayechimba mtaro mmoja na kuukadiria mlima mzima kwa mtaro huo anaweza kuwapunja wenyeji, na anaweza vile vile kujipunja mwenyewe, akaacha shimo wazi na deni la mishahara. Kabla ya leseni kusainiwa, ichorwe kwanza ramani ya duniti, kwa miguu na nyundo, kilima kwa kilima.